Ndama Mwenye Jina la Mkwe

Mimi nina kichwa kigumu, na nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Mama yangu alilisema zamani, walimu wakalirudia, na rafiki yangu Hilda amekuwa akilisema tangu kidato cha kwanza, tulipolala kitanda kimoja cha bweni muhula mzima kwa sababu godoro langu lilikuwa limeloa na mimi sikutaka kuomba jingine. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba filamu yangu ya katuni itaonyeshwa kwa Kidatoga, kijijini kwa Hilda, na kwamba Hilda mwenyewe ndiye atakayeisema, watu wa Katesh wanaonifahamu hawakubisha. Walijua watajichosha bure.

Kazi yangu ni kuchora mabango. Ukipita Katesh ukaona saluni yenye picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu kupita kiasi, huo ni mkono wangu. Katuni nilijifunza kwenye simu, baadaye nikapata kompyuta iliyotumika, na kwa miaka miwili nikachora kila siku nikitoka kazini, picha kumi na mbili kwa kila sekunde moja, mpaka nikapata filamu ya dakika kumi na moja. Piga hesabu mwenyewe uone kama mtu mwenye akili zake timamu anaweza kuifanya kazi hiyo.

Ni filamu ya familia. Bibi na mjukuu wanaweza kuitazama pamoja na hakuna atakayeona haya. Punda jike wa kwetu milimani Mbulu anashuka tambarare na mzigo wa mahindi, anakutana na ndama dume wa Wadatoga. Siku ya kwanza wanazozana kisimani, ya pili wananuniana, ya tatu wanashindwa kuachana. Ndama anamfundisha punda kukimbia bila sababu. Punda anamfundisha ndama kusimama kimya mvua inaponyesha. Kisha mlima unashusha tope na ndama anapotea. Hapo ndipo ilipo filamu yenyewe, mengine yote nimechora ili kufika hapo: kwa dakika moja na nusu punda anatembea juu ya tope akimwita mwenzake. Hasemi neno lingine lolote. Ni jina tu, mara saba.

Jina la ndama ni Gidabuday.

Sikuliokota njiani. Mzee Gidabuday ni baba mkwe wa Hilda, na ndiye aliyenitoa kwenye tope. Jumapili ile ya Desemba tunaikumbuka wote, Hanang iliposhusha mawe, magogo na udongo juu yetu alfajiri, na watu wakafa wakiwa bado kitandani. Mimi nilikuwa nimepanga chumba karibu na korongo. Nakumbuka ukuta ukiingia ndani, halafu giza, halafu udongo mdomoni. Mzee alikuwa amelala kwa ndugu yake ng'ambo ya barabara. Yeye na vijana wawili walinichimbua kwa mikono na kwa ile fimbo yake, na ilipofika saa nne asubuhi wakanitoa. Nilizindukia hospitalini. Tangu siku hiyo sikuwahi kulizungumza jambo hilo na mtu yeyote, hata Hilda. Nilichora tu.

Sauti za Kiswahili tulizimaliza kwa wiki moja na kwaya ya vijana. Lakini mimi nilitaka Kidatoga. Hilda anafundisha darasa la kwanza katika shule ya kijijini kwao, huko tambarare ukishapita Mogitu, na kila Januari anapokea watoto ambao hawajui Kiswahili hata cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Katuni zote wanazoziona kwenye simu za kaka zao zinasema lugha za watu wengine. Nilitaka wakae chini wasikie punda akiwasemesha kama shangazi yao.

Hilda aliifasiri vizuri mno. Alikuja chumbani kwangu Katesh, tukatundika blanketi mlangoni kuzuia kelele za pikipiki, akasema maneno ya punda mpaka mimi nisiyejua lugha hiyo nikacheka mahali pa kucheka. Tulipofika kwenye tope, akaomba maji. Akanywa. Akakohoa. Akasema koo linamsumbua, tuendelee kesho. Kesho yake koo likamsumbua palepale. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne nikapandwa na hasira.

"Hilda, limebaki jina tu. Liseme tumalize."

"Ndiyo maana siwezi," akasema. "Kwa sababu ni jina."

Ndipo akanieleza, taratibu, kama anavyowaeleza watoto wake. Kwa Wadatoga mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Hata maneno yanayokaribiana na jina hilo huyakwepa, na wanawake wana maneno yao mengine ya kuyaweka mahali pake. Si kwamba sikuwahi kusikia habari hizi. Nilizisikia kama mtu anavyosikia habari za nchi nyingine redioni. Hilda niliyemjua mimi aliwapachika walimu wote majina ya utani, mkuu wa shule akiwa wa kwanza. Hilda ana cheti cha ualimu, anaongoza kwaya. Nilidhani mambo hayo aliyaacha siku aliyobatizwa.

"Si wewe umebatizwa?" nikamuuliza.

"Nimebatizwa, na bado ni mkwe wa watu. Zita, nilipokwenda chuo mwanangu Glory alikuwa hajaanza kutembea. Nani alimshika? Yule mzee. Alimbeba huku anachunga ng'ombe, wazee wenzake wakamcheka, akaendelea kumbeba. Mimi hakuna mtu anayenilazimisha. Hiyo ndiyo heshima niliyonayo ya kumpa, nami naitoa kwa kupenda." Akanitazama. "Badilisha jina. Ndama mwite vyovyote."

"Silibadilishi."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kujibu kama binadamu. Nilitakiwa kusema kwamba mtu huyo alinipa maisha yangu mara ya pili na mimi sina kitu kingine cha kumpa ila picha elfu nane, na kwamba jina lake likisemwa kwa sauti mbele ya watu wake, hapo nitakuwa nimemshukuru. Sikusema. Nilisema, "Basi kumbe urafiki wetu unaishia kwenye ukoo wa mume wako."

Hilda akakunja khanga yake, akaitia kwenye mkoba. "Na wa kwako unaishia kwenye kompyuta," akasema, akaondoka.

Wiki tatu hatukuongea. Mtu asikudanganye kwamba kugombana na rafiki ni jambo dogo kuliko kugombana na mume. Mume mimi sina, lakini nimewaona wanaogombana nao, na wanakula. Mimi chakula kilikuwa hakipiti. Nilichora bango la duka la pembejeo nikasahau herufi mbili, na mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Jioni nilikuwa nalia, nasema wazi, nalia huku nachora majani ya kwenye filamu ambayo hayakuhitaji kuchorwa upya. Hata hivyo jina sikulibadilisha. Nilijiambia kuna njia moja sijaijaribu, nikapanda bodaboda na kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikaenda kwa mzee mwenyewe.

Nilimkuta nje ya zizi anamkagua ndama kwato.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mguu huo uko sawa?"

"Uko sawa, baba. Baridi tu inausumbua."

Tulikaa. Chai ililetwa. Nikamweleza yote, filamu, punda, ndama, jina, na Hilda. Nikamwomba amwambie mkwe wake kwamba amemruhusu, mara moja tu, kwa ajili ya watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza kikombe mkononi.

"Hiyo ruhusa mimi sina," akasema. "Hayo ni ya wanawake wetu, wanayashika wenyewe. Mimi nikisema nimeruhusu, watanicheka, na yeye hatakubali. Na akikubali sitafurahi." Akanywa chai. "Huyo ndama wako, yeye anafanya nini?"

"Anapotea kwenye tope, baba. Rafiki yake anamtafuta."

"Anamwita?"

"Anamwita."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa ndama wake. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa nimekataliwa kwa adabu kiasi kwamba sikupata hata mahali pa kukasirikia.

Hilda alikuwa amesimama kwenye lango la boma na ndoo ya maji. "Umekuja kunishtaki kwa mkwe wangu?"

"Nimekuja kumwomba."

"Amekataa."

"Amekataa."

Alijitahidi asicheke, akashindwa, na kicheko chake kilinirudishia pumzi. Lakini hakulainika. Aliweka ndoo chini. "Sikiliza. Ijumaa ijayo tunafunga shule. Watoto nimeshawaahidi katuni, siwezi kuwa mwongo kwao kwa sababu yako. Lete filamu bila sauti. Nitaisema mwenyewe kwa maiki, wao wakitazama."

"Na jina?"

"Si umesema hulibadilishi?"

"Silibadilishi."

"Basi tutaona siku hiyo. Lakini ndama atajisemea mwenyewe, na ndama ni wewe. Mdomo mmoja hauwezi kuwa marafiki wawili." Akanifundisha mistari yangu mitatu ya Kidatoga palepale langoni, akinirekebisha kila neno. Hakuwa amenisamehe. Alikuwa anafanya kazi.

Ijumaa hiyo Onesphory, mwalimu mkuu, aliazima projekta parokiani na kuiunga kwenye betri ya sola ya ofisi yake. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, kwa hiyo kina mama walivua mablanketi yao na kuyatundika madirishani mpaka darasa likawa jeusi. Watoto walijaa sakafuni. Kina mama walikaa nyuma, wazee kwenye benchi pembeni, Mzee Gidabuday katikati yao, fimbo katikati ya magoti. Hilda alisimama upande mmoja wa shuka jeupe tulilotundika ubaoni, na mimi nilikaa upande wa pili na kompyuta yangu.

Nakwambia aliisema. Punda alizungumza kama mwanamke wa milimani anayejifunza Kidatoga kwa shida, na watoto wakajua ananiiga mimi, wakavunjika mbavu. Nilipotoa mstari wangu wa kwanza kama ndama, walicheka zaidi, maana sasa ndama ndiye aliyekuwa na lafudhi ya Mbulu. Kila mahali ambapo maandishi yangu yalikuwa na jina, Hilda aliweka neno lingine, mwanangu, mwenzangu, mtoto wa ng'ombe wetu, na hakuna aliyeona pengo. Kina mama waliona. Niliwaona wakitazamana gizani kwa kuridhika, kama wanaotazama mtu akivuka mto kwa kukanyaga mawe yaliyo sawa.

Kisha mvua ikaanza ukutani na watoto wakanyamaza. Darasa lile lilikuwa na watoto ambao ndugu zao hawakurudi Jumapili ile. Tope likateremka, nilikuwa nimelichora kwa rangi yake hasa, na ndama akaondoka machoni. Punda akafika ukingoni. Akafumbua mdomo.

Kimya.

Hapo hakukuwa na mawe ya kukanyaga. Nilikuwa nimechora mdomo ule kwa jina lile na hakuna kingine. Huwezi kumwita aliyepotea kwa kusema mwenzangu. Kila mtu ana mwenzake. Punda akapiga hatua, akafumbua mdomo mara ya pili, na mara ya pili hakukutoka kitu. Watoto wakageuka kumtazama mwalimu wao. Mmoja akauliza swali, mama yake akamnyamazisha.

Mimi nilikuwa nimekaza uzi. Nilijiambia, atasema, lazima aseme, watoto wanangoja. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha filamu na sikukibonyeza. Punda akafumbua mdomo mara ya tatu. Nikainua macho kumtazama Hilda.

Alikuwa ameshika maiki kwa mikono miwili na machozi yalikuwa yanamshuka. Hakutazama ukutani, alikuwa ananitazama mimi, na hakuwa na hasira. Midomo yake ilikuwa inajiandaa. Nikaelewa kwamba angelisema. Angelisema mbele ya kina mama wale, mbele ya mzee mwenyewe, kwa sababu mimi nilimwambia kwamba urafiki wetu una mwisho na yeye alikuwa amekuja kunionyesha kwamba hauna. Angeipoteza heshima ile aliyokuwa akiitoa kwa kupenda, na mimi ndiye ningekuwa nimemnyang'anya.

Nikabonyeza. Punda akaganda ukutani, mdomo wazi.

"Nimekosea," nikasema kwa Kiswahili, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Jina nimeliweka vibaya. Hilda, usiseme. Mwite vyovyote utakavyo, nitachora upya."

Nikasikia benchi likilia, na Mzee Gidabuday akasimama. Alikuja mpaka mbele ya shuka, picha ya tope ikamwangukia mwilini, akainyoosha fimbo mpaka pale ambapo ndama alizama.

"Humu ndani kuna nani?" akaniuliza.

"Ni... nimekuweka wewe, baba. Nilitaka kukushukuru."

"Mimi humu sikuwemo." Aliongea polepole, Kiswahili chake kikiwa kizito. "Mimi nilikuwa juu. Wewe ndiye ulikuwa chini. Wale vijana waliniambia, mzee, twende kwingine, hapa hakuna mtu. Nikasema yumo, huyu ni rafiki wa mkwe wangu, nitamrudisha kwake. Nikaita. Kutoka asubuhi niliita mpaka sauti ikakatika. Wewe hukusikia."

"Sikusikia," nikasema. Miaka yote sikujua kwamba kulikuwa na kitu cha kusikia.

"Sasa mrudishe punda nyuma."

Nikamrudisha. Punda akafika ukingoni, akafumbua mdomo. Mzee akainua kidevu, akaita kwa sauti ile ya kuitia ng'ombe walio mbali.

"Zita."

Kisha akainamisha kichwa na kutega sikio chini, na darasa zima likatega naye. Sikuwa nimechora hivyo. Punda wangu alikuwa anaita akitembea, mimi sikujua kwamba mtu anayetafuta huita halafu anangoja. Punda akafumbua mdomo tena.

"Zita," akaita mzee. Akangoja.

Mara ya tatu haikuwa sauti yake. Hilda alikuwa amepandisha maiki mdomoni, na jina langu likatoka kwenye spika kwa sauti niliyoisikia kwa mara ya kwanza bwenini nikiwa na miaka kumi na nne, iliyosema sogea huku, usilale kwenye maji. Ya nne watoto wakaita naye. Ya tano waliita na kina mama. Ya sita, ya saba, madirisha yalitikisika na blanketi moja likaanguka, mwanga ukaingia na kuifuta nusu ya picha, na hakuna aliyejali.

Punda akafumba mdomo. Ukutani tope likatikisika kidogo, sikio la ndama likatokea. Huo ulikuwa mstari wangu wa tatu, maneno mawili tu ya Kidatoga, ya kusema nipo hapa. Hilda alikuwa amenifundisha langoni na niliyajua vizuri. Lakini hayakutoka, na mbele yangu ndama alikuwa anahema bila sauti, na sekunde zikapita, picha kumi na mbili, na kumi na mbili nyingine.

Hilda akatoka upande wake. Akapita mbele ya shuka, akapita mbele ya mkwe wake kwa kuinama kidogo, akaja kupiga magoti karibu na kiti changu. Punda alikuwa ameshamaliza kuita. Yeye akaita mara ya nane, bila maiki, kwa sauti ya chini, ya watu wawili tu.

"Zita."

Nikakohoa kama mtu anayetema udongo.

"Nipo," nikamjibu.